Kiondo Langoni mwa Kambi

Mama yangu hajawahi kuniita kwa jina. Mimi ni mtoto wake wa pili wa kiume, na kwa desturi ya kwetu mtoto huyo hupewa jina la baba mzazi wa mama. Mwanamke hawezi kulitaja jina la babake ovyo, kulikemea jikoni au kulipigia kelele uani, kwa hiyo tangu nizaliwe huniita Baba. Majirani wa hapa Section 58, Nakuru, wameshazoea. Wakimsikia mama wa miaka themanini na kitu akimwambia mtu mzima mwenye kipara, "Baba, njoo unywe chai ikiwa moto", hakuna anayegeuza shingo tena.

Babu huyo sikumwona. Alikufa kwenye kambi ya wafungwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ambapo serikali ya kikoloni ilikamata watu wengi, mama akiwa bado msichana wa kuteka maji na kulea wadogo zake. Ninayoyajua kumhusu nimeyapata kwa mama, na mengine kuhusu kambi zile nimeyapata vitabuni. Vitabu nilivisoma mwenyewe, maana shule niliiachia Kidato cha Pili. Kwa miaka mingi nilifanya kazi Olkaria, kwenye visima vya mvuke, kazi yangu ikiwa kusoma mita na kuandika zinavyosema. Kazi hiyo ilinizoesha kutenganisha kilichoonwa na kinachodhaniwa. Kwa hiyo nitaandika kwanza kile alichokiona mama, kama alivyonieleza tangu nikiwa mdogo, kabla sijafika kwenye filamu iliyokuja kutengenezwa kuhusu siku hiyo.

Babu alikuwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la mzungu upande wa Bahati. Askari walimchukua asubuhi, ndoo ya maziwa ikiwa bado mkononi. Miezi ikapita, kisha habari ikafika kwamba yuko kwenye kambi moja upande wa Gilgil, anavunja mawe. Nyanya akaomba pasi ya kusafiria kwa mwenye shamba, akapewa. Akapika viazi vitamu, nduma na githeri ya mahindi na maharagwe, akapakia kwenye kiondo, akamchukua mama yangu amsaidie kubeba. Walipanda lori la pareto hadi Nakuru, wakalala kwa mtu wa ukoo, na siku ya pili wakapanda gari la moshi hadi Gilgil. Kutoka hapo walitembea.

Kambi ilikuwa uwanja mtupu uliozungushiwa seng'enge, kwa hiyo waliwaona wafungwa kabla ya kufika langoni. Walikuwa wamechuchumaa kwa mistari, mikono kichwani. Mama alimtambua babake kwa masikio, kwa sababu kichwa kilikuwa kimenyolewa na uso ulikuwa umekonda ukawa wa mtu mwingine. Askari wa langoni, Mwafrika kama wao, alisoma pasi. Akachukua kiondo, akakifunua, akatazama ndani. Kisha akakigeuza. Chakula chote kikamwagika kwenye changarawe. Akawaambia waokote waende.

Nyanya alipiga magoti akaokota viazi na nduma. Githeri haikuokoteka. Mama hakuokota chochote. Alikuwa akimtazama babake. Naye babake aliona chakula kikimwagika, halafu akainamisha macho. Hawakupata kusemezana. Walirudi Bahati na viazi vyenye mchanga, na ingawa walikuwa na njaa hakuna aliyeonja hata kimoja njiani. Nyumbani nyanya aliwapa mbuzi viazi hivyo.

Pasi nyingine haikupatikana. Baadaye mtu aliyeachiliwa alipita shambani akasema kwamba babu amekufa, na kwamba walizikwa wengi siku hiyo. Kaburi lake hatulijui.

Watu wa filamu walikuja kwetu kupitia kanisa. Mchungaji alitangaza baada ya ibada kwamba kuna kundi kutoka Nairobi linalotafuta wazee waliokuwa na jamaa zao kambini, kwa ajili ya filamu kuhusu wafungwa wa wakati ule. Dada yangu, ambaye ndiye kifungua mimba na pia ni mzee wa kanisa, alipeleka jina la mama kabla mama hajaulizwa. Jumamosi iliyofuata alifika mwelekezi mwenyewe wa filamu, binti wa miaka thelathini na kitu, mpole, ana vumbi la njiani hadi magotini. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na mama akampenda hapo hapo.

Mama alimsimulia kwa Kiswahili chake cha shambani, kwa kuwa binti hakuijua lugha yetu ila neno cucu, yaani nyanya.

"Na yule askari, cucu, alisema nini alipomwaga?"

"Alisema tuokote twende."

"Hayo tu?"

"Ulitaka aseme nini tena? Kazi yake ilikuwa imeisha."

Binti alianza kupangusa macho. Mama akamsogezea kikombe.

"Wewe usilie, chai itapoa. Mimi ndiye nataka kukuuliza. Hiyo sinema yenu itaonyesha akimwaga?"

"Itaonyesha, cucu. Filamu yote tutaiegemeza hapo."

"Basi ni hiyo tu. Hayo mengine mtajua wenyewe."

Binti alipoondoka nilimuuliza mama kwa nini alisisitiza hilo na si kifo chenyewe, au kule kuchukuliwa asubuhi. Alinijibu akiendelea kuchambua maharagwe. Alisema kifo hakukiona, na kuchukuliwa kulikuwa kwa kila nyumba. Lakini ile siku ya langoni ilikuwa yao. Nyanya alikwisha kufa, babu alikufa, na yule askari bila shaka amekufa pia. Aliyebaki akiijua ni yeye peke yake, na watoto wake tunaijua kwa kuambiwa. Wafungwa wengine wana barabara zilizopewa majina yao. Babake hana hata kilima cha udongo. Ana siku ile tu, na mama alitaka iwekwe mahali ambapo watu wataiona ilivyokuwa.

Walipiga picha hiyo katika machimbo ya mawe yaliyoachwa, nje kidogo ya Gilgil, na mwelekezi akamwalika mama aje aone. Asubuhi hiyo nilimkuta jikoni akipika viazi vitamu, nduma na sufuria kubwa ya githeri. Dada alikuwa amekuja kumsaidia kuvaa.

"Mama, huko wana watu wao wa kupika," dada alisema.

"Wanapika wali. Na mimi ninakwenda mahali watu wanafanya kazi ya baba yangu. Nifike nikining'iniza mikono?"

Hakuna aliyembishia. Kwetu huwezi kwenda kwa watu wanaokufanyia kazi bila kubeba kitu, na mtu wa umri wake hawezi kubadilishwa katika hilo. Chakula kilipakiwa kwenye kiondo chake cha mkonge, nikamweka kwenye gari, tukaenda.

Lazima niseme kwamba walikuwa wameifanya kazi yao kwa bidii. Seng'enge ilikuwa imechakaa jinsi inavyotakiwa, lango lilikuwa la magogo, na kulikuwa na mnara wa mbao. Vijana waliokodishwa kuwa wafungwa walitoka Gilgil na Kikopey, wachomaji nyama, wapasua mawe na watu wa bodaboda. Walikuwa wamenyolewa, wamepakwa majivu, wamevishwa kaptura zilizoraruka. Walichuchumaa kwa mistari wakisubiri wingu lipite, maana mpiga picha alitaka jua. Mwelekezi alikuwa amewaomba wasile mpaka picha hiyo iishe, ili nyuso zao ziwe zinavyofaa. Wingu lilikawia, na mchana ulikuwa umesonga.

"Boss, wewe askari, wacha kunigonga na hiyo rungu kwa ukweli. Mimi niko na bibi nyumbani," mfungwa mmoja alimwambia mwenzake aliyevaa kiaskari.

"Bibi gani, na hicho kichwa?"

"Cheka tu. Ukiendelea kucheka utarudishwa Kikopey ukageuze mbuzi."

"Afadhali Kikopey! Huko hata ukikosa nyama unaguguna mfupa. Hapa ni njaa na baridi."

"Njaa gani, si unaigiza?"

"Mimi niliacha kuigiza saa ile chai iliisha."

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, kiondo miguuni. Hakucheka wala hakukasirika. Nilimtazama mara kadhaa na niliona anawatazama vijana wale mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta aliyemjua.

Jua lilitoka. Wakanyamaza wote, na kunyamaza kwenyewe kulibadilisha mahali pale. Mwigizaji wa kike aliyekuwa nyanya yangu alijiandaa mbali kidogo, pamoja na msichana aliyekuwa mama. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na fundi wa sauti, nikitazama mashine yake. Nilipoinua macho, kiti cha plastiki kilikuwa kitupu na mama alikuwa ameshafika kwenye seng'enge. Mkanda wa kiondo alikuwa ameuweka kwenye paji la uso, namna wanawake wa kwetu walivyobeba zamani. Aliinama mbele ya mstari wa kwanza, akapitisha kiazi katikati ya nyaya.

"Shosho, tuko kazini," kijana mmoja alimwambia kwa sauti ya chini.

"Kazi gani isiyokula? Shika."

Akashika. Angefanya nini? Mtoto aliyelelewa hizi pande zetu hawezi kukataa chakula kutoka mkononi mwa shosho, mtu wa umri wa nyanya yake, hata kama analipwa akatae. Wa pili naye akashika. Mama akasogea mstarini, akitoa na kutoa, githeri akiwawekea viganjani, na wale vijana wakala kama watu wenye njaa kwa sababu njaa walikuwa nayo. Mmoja wao alianza kulia akiwa anatafuna. Baadaye aliniambia hakujua ni kwa nini.

Kijana aliyekuwa askari alisimama pale na rungu lake. Alitakiwa kumzuia mtu yeyote kukaribia, lakini huyu hakuwa katika aliyofundishwa. Akageuka kumtafuta mwelekezi kwa macho, aulize afanye nini. Mwelekezi alikuwa ameinua mkono juu, watu wasiseme kitu, na kamera ilikuwa inamfuata mama hatua kwa hatua.

Kiondo kilipoisha mama alikikunja, akarudi kwenye kiti. Watu wakapiga makofi. Alishtuka.

"Wanapiga makofi ya nini?" aliniuliza.

Tulikuwa tumeshapita moshi wa vibanda vya kuchoma nyama vya Kikopey tukirudi Nakuru, ndipo akasema tena.

"Baba."

"Naam, mama."

"Nimeharibu."

"Umeharibu nini? Umelisha watoto wenye njaa."

"Hao watoto walikuwa wamekaa pale alipokaa baba. Nikawapa, wakala. Na ile mashine ilikuwa inaona." Akakiweka kiondo magotini. "Usifikirie nilichanganyikiwa. Nilijua ni watoto wa Gilgil. Lakini mtu ana njaa mbele yako, na kiondo kimejaa, utafanya nini? Utakaa kwa kiti?"

Nilimwambia kwamba walikuwa wamepiga picha ya kumwaga pia, baada ya pale, na kwamba bila shaka ndiyo watakayoitumia. Nilidhani hivyo.

Mwelekezi alirudi kwetu wiki chache baadaye, na kompyuta ndogo begani. Aliketi karibu na mama na kumwonyesha. Dada alikuwepo, na mimi. Katika kioo kile mama alionekana mdogo sana mbele ya seng'enge. Mikono ilitokea kwa ndani, ya majivu, ikipokea. Halafu askari akaonekana. Anamwona mama, anasita, anageuka polepole, anaangalia upande mwingine. Ni kijana yule yule na ni dakika ile ile, akimtafuta mwelekezi kwa macho. Lakini aliyeangaliwa hakuonekana, na mtu asiyejua angeapa kwamba askari yule amegeuka ili asione, kwa huruma. Hakuna kilichoongezwa wala kuigizwa. Niliitazama picha hiyo mara mbili kuhakikisha, na ndipo nilipoelewa kwamba unaweza kusema uongo kwa vipande vya kweli tupu.

"Na akimwaga iko wapi?" mama aliuliza.

"Cucu, tuliijaribu. Ikiwekwa baada ya hii, haikai. Watu hawawezi kurudi nyuma tena." Binti alikuwa akisema taratibu, na sidhani alikuwa mtu mbaya. "Kila mtu niliyemwonyesha hii amelia. Hata wazee wanaume."

"Wanalia kwa nini?"

"Kwa upendo waliouona."

"Mwanangu, mkiweka hii, itakuwa alikula."

"Cucu, filamu si kama kortini. Watu watajua ni picha."

"Watajuaje? Nani atawaambia?"

Binti akamshika mkono. Alikuwa ameshaamua, na nadhani hata kabla hajafika kwetu.

Alipokwenda, dada ndiye aliyesema kile ambacho pengine wengine wangesema.

"Mama, hebu ona hivi. Guka hakuwahi kupata kile chakula. Sasa hata kama ni kwa sinema, amepata. Kuna ubaya gani? Mimi naona ni Mungu aliyekusimamisha kutoka kwa kile kiti."

"Aliyekula ni mchoma nyama wa Kikopey," mama alisema.

"Lakini watu watakaotazama..."

"Watu watakaotazama watafikiri kulikuwa na njia ya kupitisha chakula. Watauliza, kama wengine walipitisha, wale waliokufa kwa njaa watu wao walikuwa wapi? Walikaa nyumbani?" Sauti yake ilipanda, jambo lisilo la kawaida. "Mama yangu alipiga magoti kwenye mawe! Nani ataona magoti yake?"

Dada alilia. Mama hakulia. Alinigeukia mimi.

"Wewe Baba, wakisema alikula, utawaambia hapana. Hata mimi nikiwa sipo."

Nilimwahidi.

Filamu ilipokamilika, kanisa liliomba kuionyesha ukumbini Jumapili baada ya ibada. Mapazia yalifungwa, viti vikajaa, vijana wakakaa sakafuni. Mwanzoni yalitokea maneno kwamba filamu imetokana na kisa cha kweli. Nilimwomba mama tukae karibu na mlango ili akichoka tutoke, lakini alikaa hadi mwisho, mkoba magotini. Sehemu ile ilipofika, wakaiwekea muziki, na nilisikia ukumbi mzima ukivuta pumzi za kilio. Wanawake walifunika nyuso kwa leso. Sitajifanya kwamba mimi sikuguswa. Niliyajua yote, na bado nilijikuta nikipangusa macho.

Ilipokwisha, watu walipanga mstari kumsalimu mama mlangoni, kama wanavyofanya msibani.

"Asante, cucu. Angalau walikula."

"Hawakula."

"Mungu akubariki kwa ule ujasiri."

"Hawakula. Kilimwagwa."

"Na yule askari, shosho, kumbe walikuwepo wenye roho nzuri."

"Hakugeuka. Yeye ndiye aliyemwaga."

Watu walimtazama kwa upole, wakamfinya mkono, wakapita. Nilisikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba umri ukifika hivyo mtu husahau hata mema yake mwenyewe. Nilimfuata nikamweleza. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Pole, lakini si hata hivyo ni kisa cha kweli? Imeandikwa." Nilieleza wengine pia, pale nje kwenye magari, mpaka nikaona kwamba wananisikiliza kama fundi anayeharibu sherehe kwa kueleza waya zilivyounganishwa.

Mwishoni mwa mstari alikuja mwanamume wa rika langu. Alisema babu yake alikuwa askari katika kambi moja, hakumbuki ipi, na kwamba nyumbani kwao jambo hilo halikuwahi kuzungumzwa, ilikuwa ni aibu tu. Alisema leo ni mara ya kwanza ameweza kumfikiria babu yake bila kutamani ardhi impasukie. Alikuwa analia wazi wazi. Mama alimshika mkono kwa muda mrefu. Nilingoja amwambie. Huyo hakumwambia kitu.

Njiani nilimuuliza.

"Ningemwambia nini?" alisema. "Umemwona alivyokuwa?"

Baada ya hapo filamu ilienea kwenye simu. Wajukuu walikuwa nayo, majirani walikuwa nayo, na mara nyingi hawakuitazama yote, walikwenda moja kwa moja kwenye kile kipande cha mama. Dada alikionyesha kila mgeni. Mwanzoni kikiwashwa sebuleni mama alikuwa anaondoka, anakwenda uani kwa kuku wake. Baadaye akawa habanduki kitini lakini anatazama dirishani. Halafu siku moja nilimkuta anakitazama na kitukuu wake mapajani, mtoto akiuliza, "Huyu ni wewe? Na huyu unampa ni nani?" Mama akamjibu, "Ni watu wenye njaa." Jibu hilo lilikuwa sahihi.

Mwaka mmoja hivi baadaye nilianza kugundua mambo madogo. Akisimulia safari ile, lori la pareto lilikuwepo bado, na gari la moshi, na masikio ya babake. Lakini siku moja alisema askari wa langoni alikuwa kijana mdogo, akiogopa. Zamani hakuwahi kusema alikuwa na umri gani. Siku nyingine alisema kwamba alipokuwa anamwaga alitazama kando. Nilimuuliza, "Alitazama kando, mama?" Akafikiri, akasema, "Nadhani." Sijui kama ni umri. Sijui kama ni filamu. Mtambo ukisoma vibaya unaweza kuufungua ukaona ni wapi, lakini hapa sikuwa na pa kufungua.

Jumapili moja mwaka huu tulikuwa na wageni, mwalimu wa shule ya jirani na wanawake wawili wa kanisani, marafiki wa dada. Chai ilikuwa imemiminwa. Mwalimu alimwomba mama awasimulie mwenyewe, kwa kuwa filamu wameiona. Mama aliweka kikombe chini akaanza. Bahati, ndoo ya maziwa, pasi, lori, reli. Sauti yake ilikuwa imara. Alifika langoni, nami nikaweka kikombe changu chini pia, kwa sababu nilihisi inakuja.

Alisema askari alikitazama kiondo, halafu akageuka. Alisema mamake alipitisha viazi katikati ya seng'enge. Alisema babake alichukua kimoja akakimenya kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, akala. Mwanamke mmoja akasema, "Asante Yesu." Mama akaendelea. Alisema kwamba babake alipofika mwisho aliacha kipande kidogo, akampa yeye kupitia kwenye waya, kwa sababu hata nyumbani hakuwahi kumaliza chakula bila kumwachia.

"Alikuwa baba wa namna hiyo," alisema. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho miaka yote ya kumsikiliza sikuwahi kukiona. Kisha akanigeukia. "Si ndivyo, Baba? Wewe nimekueleza mara ngapi."

Wageni wote walinitazama. Dada alinitazama. Jibu nililokuwa nimeagizwa kulitoa nilikuwa nalo.

"Ndivyo, mama," nilisema.

Walipoondoka, dada alinifuata nje nilikokuwa nikijifanya ninakagua bomba la tangi.

"Hiyo ya kumenya kwa ukucha," alisema. "Na kile kipande. Ulishawahi kuisikia?"

"Hapana."

"Kwa filamu haipo."

"Haipo."

Alisimama pale kidogo. Yeye aliyesema hakuna ubaya, sasa alikuwa na sura ya mtu aliyeogopa. "Basi imetoka wapi?"

Kwa desturi sipendi kudhani, lakini nadhani imetoka Bahati, siku yoyote ya kawaida kabla hawajaja kumchukua, babu akila jioni na binti yake akimsubiri kando. Kama ni hivyo, basi hiyo ni kweli, na ndicho kitu kipya pekee nilichopata kujua kuhusu mtu niliyepewa jina lake. Imekaa tu mahali ambapo haikuwa, na palipokuwa pake hapajulikani tena. Dada alirudi ndani kuosha vikombe. Nilimsikia mama akimuuliza kama wageni walifungiwa nduma za kwenda nazo.

Aliniagiza niwakatalie watu. Hakuniambia nifanye nini siku ambayo mtu huyo atakuwa ni yeye. Chakula hakikupita langoni, nyanya alipiga magoti kwenye changarawe, na babu alikufa bila kukionja. Nimeyaandika hapa yalivyokuwa, nami sitamsomea.